Mitambo ya Upepo Baharini: Wavuvi Waitwe Kabla Ramani Haijachorwa

Naandika nikiwa Malakisi, Bungoma, ambako bahari inajulikana kwa pakiti ya chumvi tu. Lakini suala la umeme wa upepo linawahusu wa huku na wa kwetu Lamu. Mitambo 365 ya Loiyangalani, Marsabit, ilisimama bure ikingoja laini ya kilomita 428 hadi Suswa, iliyokamilika 2018. Serikali ikadaiwa fidia ya mabilioni, pesa za mlipa kodi wa Malakisi na wa Faza.

Sasa dunia inapeleka mitambo baharini, tena inayoelea. Hywind, karibu na Peterhead huko Scotland, ina mitano tangu 2017, kila mmoja ukishikwa na minyororo mitatu. Pwani yetu kina huanza karibu, kwa hiyo mradi wowote mkubwa huenda ukawa wa aina hiyo.

Hapo ndipo pana kazi. Mtambo ulio nyuma ya mwenzake hupata upepo uliochoka, basi lazima iachane, pengine kilomita nzima. Loiyangalani upepo hutoka upande mmoja, kusini mashariki, na mitambo ikapangwa safu ndefu za kuukinga. Kwetu kuna kusi na kuna kaskazi. Nahodha yeyote wa jahazi angewaambia hilo bila kompyuta!

Wahandisi huiachia kompyuta ijaribu mipangilio maelfu: umeme mwingi, nyaya fupi, nanga chache. Sawa. Ila kompyuta hupima ilicholishwa. Ikiwa njia za mashua na mahali pa kutega jarife havimo, itaviona ni maji matupu. Na katikati ya minyororo hiyo hakuna wa kutandaza jarife.

Tumeshayaona. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliwapa wavuvi wa Lamu shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari mpya, baada ya miaka ya kesi. Mwaka 2021 mahakama ya ardhi Meru ikasema hati za ardhi ya Loiyangalani zilitolewa kinyume cha sheria, mitambo ikiwa imeshasimama.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa BMU, msingoje kuitwa. Chorefu zenu wenyewe: wapi mwavua wakati wa kusi, wapi wakati wa kaskazi, wapi mwapita usiku. Ramani hiyo ipelekwe kaunti ipigwe muhuri kabla mwekezaji hajatua.