Roboti Ndio Waliokula Kifurushi

Wiki jana, saa mbili usiku, nilipigiwa simu na mama mmoja ninayemtunzia duka la mtandaoni. Anauza viatu Eastleigh, na wateja wake wengi siku hizi wanaagiza kwa simu na kulipa kwa M-Pesa. "Kijana wangu, vile vitu vya kuchagua saizi vimepotea. Mtu aanze kupekua viatu elfu moja na mia mbili, atafika lini?" Nikafungua tovuti. Kweli, rangi, saizi, kampuni, bei, vyote havipo. Pembeni peupe kabisa.

Kwa wale ambao hawajawahi kujenga duka la aina hii: vichujio ni vile visanduku vya pembeni unavyotia alama ili uone viatu vyeusi vya saizi 39 peke yake. Wenye maduka wengi hukodi huduma ya kampuni nyingine iwafanyie kazi hiyo, na hulipa kwa mwezi. Kifurushi huwa na mipaka, mara nyingi idadi ya bidhaa na idadi ya maombi, yaani huduma imeulizwa mara ngapi "nipe vyeusi". Chetu kilikuwa cha maombi 50,000. Tarehe 19 yakaisha, huduma ikajizima bila hata barua pepe. Nilipowaandikia, jibu lilikuwa fupi: pandeni kifurushi cha juu. Bei mara tatu.

Sikupanda. Nilikwenda kwanza kusoma kumbukumbu za seva, kazi ambayo ningepaswa kuifanya mwezi wa kwanza, nakubali. Sehemu kubwa ya maombi hayakutoka kwa watu hata kidogo. Yalitoka kwa roboti: wale wa mitambo ya kutafuta, na hawa wapya wanaozoa maandishi ya kufundishia akili bandia. Kila mchanganyiko wa vichujio ulikuwa na anwani yake, na kila anwani ikifunguliwa, seva yetu inaiuliza huduma. Roboti akiona kiungo hufuata. Hachoki, na hanunui kiatu.

Sasa piga hesabu nami. Rangi 8, saizi 12, kampuni 20, ngazi za bei 5. Ukiruhusu chaguo moja au hakuna kwa kila kundi, unapata 9 × 13 × 21 × 6, yaani kurasa 14,742. Ukiruhusu mtu atie alama nyingi apendavyo, inakuwa 2 kwa kipeo cha 45, zaidi ya trilioni 35. Kutoka duka la viatu 1,200! Kifurushi gani kitatosha hapo? Hata hicho cha bei mara tatu kingeliwa, labda tarehe 25 badala ya 19.

Hapo ndipo ninapogombana na watu wa huduma hizi. Mipaka yenyewe sina shida nayo, seva zinagharimu pesa. Shida yangu ni kumhesabia mwenye duka ombi la roboti sawasawa na la mnunuzi, ilhali roboti wengi hujitaja jina wanapobisha hodi. Kuwatenga si kazi ngumu. Ila anayeuza maombi hana haraka ya kuyapunguza, sivyo?

Na hata bila roboti, tulikuwa tunalipia nini? Rekodi ya kiatu kimoja (namba, rangi, saizi zilizopo, kampuni, bei) haizidi baiti 150. Mara 1,200 ni kilobaiti 180, na ikibanwa inapungua sana. Picha moja tu ya kiatu inaweza kuzidi hapo. Faili hiyo unaipeleka mara moja kwenye kivinjari cha mteja, kisha kuchuja kunafanyika ndani ya simu yake.

Tena umbali. Huduma yetu ilikaa Virginia, Marekani, kama kilomita 12,000 kutoka Nairobi. Mwanga ndani ya nyaya za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 120 hata waya ungenyooka kama rula, na waya wa baharini haunyooki. Muunganisho mpya wenye usalama hutaka safari tatu kabla jibu halijaanza kuja. Theluthi moja ya sekunde imekwenda na hakuna kompyuta iliyofanya kazi yoyote! Hapo seva yenye nguvu zaidi haisaidii kitu.

Sisemi kila mtu ajiandikie. Ukiwa na bidhaa laki moja zinazobadilika bei kila saa, unahitaji Elasticsearch au Solr na mtu wa kuilinda, na hapo kukodi kunaweza kuwa nafuu.

Kwa mama, ilinichukua siku mbili. Vichujio sasa viko kwenye kivinjari, na chaguo za mteja zinaandikwa baada ya alama ya # kwenye anwani, sehemu ambayo kivinjari hakiitumi kwa seva kamwe. Nikaongeza mistari mitatu kwenye robots.txt kwa ajili ya anwani za zamani. Roboti wenye adabu wameacha. Wasio na adabu bado wanakuja, lakini wanapewa ukurasa mmoja uleule, na hakuna mita inayozunguka. Huduma tumeikatiza. Mama ameuliza zile pesa za miezi saba iliyopita zinarudishwaje, na bado sijapata la kumwambia.