Wasomi wa jeni, Ruangwa mtafika lini?

Hivi jamani, msomi akinukuliwa mara elfu na wasomi wenzake wa London na Boston, halafu mama wa Ruangwa akazika mtoto wa tatu bila kujua kilichomuua, tunampigia makofi ya nini?

Nazungumzia madaktari wa magonjwa ya kurithi, hasa selimundu. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Tumo kwenye tano bora ya dunia, tano bora isiyotamaniwa na mtu! Kwa utafiti hatujambo. Mwaka 2004 Profesa Julie Makani na wenzake walianza kuwafuatilia wagonjwa pale Muhimbili, na 2011 akatunukiwa tuzo na Royal Society ya Uingereza. Sina ugomvi naye hata kidogo. Bila makala zile, wafadhili wasingefungua pochi.

Ugomvi wangu ni na mizani. Mhadhiri hupanda cheo kwa makala, na makala yenye uzito ni ya jarida la nje, kwa Kiingereza. Akikaa wiki mbili Nachingwea akiwafundisha manesi kumtambua mtoto mwenye vidole vilivyovimba, macho ya njano na damu inayopungua kila mara, anapata alama ngapi? Akiandika kijitabu cha Kiswahili kueleza kwamba baba na mama wazima kabisa, kila mmoja akibeba jeni moja, kila mimba yao ina uwezekano wa robo, na kwamba hakuna bibi aliyeloga, nani atamnukuu?

Kusini wanaijua hadithi hii. Chikungunya ni neno la Kimakonde. Lilitoka hapo jirani, Newala, kwenye mlipuko wa 1952, likaingia vitabu vya tiba dunia nzima. Damu na neno vilisafiri vizuri tu. Majibu ndiyo hupanda basi la kurudi yakaishia Kibiti.

Na tiba ya kuanzia wala si maajabu. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walionesha kuwa penisilini ya kila siku hupunguza maambukizi hatari ya bakteria wa nimonia kwa watoto wenye selimundu kwa asilimia 84. Penisilini! Lakini utampaje mtoto ambaye hajapimwa? Kumpima kila mchanga bado si utaratibu wa nchi nzima, na Nachingwea hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 500.

Mtasema hiyo ni kazi ya wizara. Sawa. Wizara itapanga kwa takwimu za nani, kama wanaohesabiwa ni wale waliojaliwa nauli ya Dar?

Wakuu wa vyuo, ongezeni safu moja kwenye fomu za kupandisha vyeo, juu ya ile ya kunukuliwa: kwa kazi yako, watoto wangapi wa wilaya za mbali wamepimwa kabla ya kuugua? Tuone nani atakuwa wa kwanza kuulizia basi la Nachingwea.