Taja Tope Kwanza, Kiatu Baadaye

Wiki mbili zilizopita, mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza alinifuata nje ya maktaba akaniuliza: «Yaya, kwa mbio za mlimani ninunue kiatu gani?» Ana dola 60, alizozipata kwa kufundisha watoto wa jirani likizo nzima. Anataka kuvuka mpaka kwenda Kasese, Uganda, kukimbia marathoni ya Ruwenzori, inayofanyika tangu mwaka 2022. Amesikia kwamba Ruwenzori ni mlima wa mvua na kinamasi. Sokoni ameona viatu virefu, vizito, ambavyo muuzaji anaapa kwamba haviingizi maji hata tone. Alichotaka kwangu ni neno moja tu: ndiyo.

Nilimwambia hapana. Naandika haya kwa sababu kosa lake ni la wengi wetu, na sisi watu wa lugha tungepaswa kuliona mapema. Tunauliza jina la kiatu kabla ya kutaja jina la ardhi.

Mimi ni mtoto wa Mambasa, na tope nimekua nalo. Barabara ya taifa namba 4 inapita kwetu ikitoka Komanda kwenda Epulu na Nia-Nia, na mvua ikizidi, malori hulala humo. Hata hivyo nilidanganyika kama yeye. Mwaka jana, nikijiandaa kwa mbio ndefu, nilinunua viatu vya aina hiyohiyo ya «maji hayaingii». Kwa nusu saa nilijiona mfalme. Kisha nikavuka kijito kilichonifika juu ya kifundo cha mguu. Maji yaliingia kwa juu, na kwa kuwa kiatu kilitengenezwa kisipitishe maji, hayakupata pa kutokea. Nilikimbia saa mbili zilizobaki nikiwa na ndoo mbili miguuni. Nilipoteza kucha mbili, nikapata malengelenge kwenye visigino vyote viwili, na nikafanya mitihani ya muhula nikiwa na sandali.

Hesabu yake ni rahisi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kiatu kinachobakiza hata robo lita kinaongeza gramu 250 kwenye kila mguu, na mguu huo unauinua maelfu ya mara kabla ya kufika. Ndiyo maana nasema kwamba, kwa mkimbiaji wa kinamasi, swali si kama maji yataingia. Yataingia. Swali ni yatatoka kwa haraka gani. Kiatu chepesi cha kitambaa cha wavu, kisicho na sponji nene ndani, hukamua maji kwa kila hatua. Kile cha «maji hayaingii» huyafungia.

Najua jibu la wapinzani wangu: mbona wapagazi na waongozaji wa Ruwenzori wanavaa mabuti ya mpira? Je, wao hawaujui mlima wao? Wanaujua kuliko sisi sote. Lakini tuangalie wanachofanya. Wanatembea, hawakimbii. Wanabeba mizigo kwenye vinamasi kama kile cha Bigo, mita zaidi ya 3,000 juu ya bahari, ambako nyasi hukua kwa mafungu na mtu akikosea hatua kati ya fungu na fungu anazama hadi magotini. Huko juu kuna baridi, na safari ni ya siku nyingi. Kwa mwendo huo, buti refu linalokinga maji ya baridi ni chaguo la busara. Mpe mkimbiaji buti hilohilo, litamchubua ndama, litamvuka mguu kwenye tope zito, na likishaingia maji litamlazimisha asimame alimwage. Mpagazi yuko sahihi kwa sababu ametaja ardhi yake na mwendo wake. Tukimwiga bila kutaja vyetu, tumeiga kiatu na kuiacha akili.

Wenzetu wa Uingereza wamekuwa na mashindano ya marathoni ya mlimani tangu mwaka 1968: watu wawiliwawili, siku mbili, hema mgongoni, milima ya mvua na ardhi inayobonyea. Wakimbiaji wa milima hiyo kwa kawaida huchagua kiatu chepesi, chenye meno marefu chini, na hukubali tangu hatua za kwanza kwamba miguu italowa. Kulowa peke yake hakumwangushi mtu mwenye afya. Kinachoangusha ni msuguano na baridi ya muda mrefu. Askari wa Vita Kuu ya Kwanza waliharibikiwa miguu kwa sababu walikaa siku nyingi ndani ya mahandaki yenye maji baridi bila kukausha miguu wala kubadili soksi. Mkimbiaji anapigana na msuguano kwa soksi ya sufu au ya nailoni inayobana vizuri, isiyo ya pamba, na kwa mafuta ya mgando kati ya vidole. Baridi anaishinda kwa kutosimama, na kwa kuvaa soksi kavu mara tu anapomaliza.

Hapo ndipo Kiswahili kinaposaidia. Darasani tunaorodhesha tope, utelezi, udongo wa mfinyanzi, dimbwi na kinamasi kana kwamba ni visawe vya kupamba insha. Mguu haukubali. Kwenye kinamasi, meno ya soli yanapaswa kuwa marefu ili yashike. Kwenye udongo wa mfinyanzi, kama ule wa kwetu, meno yanapaswa pia kuachana, la sivyo udongo unajaa katikati na kiatu kinakuwa tofali. Kwenye mwamba wenye utelezi, meno marefu na magumu ni hatari. Ndiyo maana siwashauri wenzangu wakimbie mlimani kwa viatu vya mpira wa miguu, ingawa ni rahisi na vinapatikana kila soko: vinashika majani vizuri, lakini kwenye jiwe vinateleza, na hapo kifundo cha mguu ndicho kinacholipa.

Wengine watanitajia Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Ni kweli, na ni fahari yetu. Lakini alikimbia kwenye barabara za mji, na miaka minne baadaye, Tokyo, alishinda tena akiwa na viatu. Hata yeye hatuwezi kumtumia kama jibu la kila ardhi.

Sasa nirudi kwa mdogo wetu. Nilimwomba anitajie ardhi ya Kasese. Hakuweza; alikuwa na neno «Ruwenzori» tu. Lakini mbio zile ni za mji wa Kasese na vilima vya chini ya mlima. Kinamasi alichokiogopa kiko juu sana, kwa wapandaji. Angetumia dola zake zote kununua kiatu cha mahali ambapo hatafika, kisha akikimbie mahali ambapo kingemwumiza. Nilimshauri achukue kiatu cha kawaida cha kukimbilia, chepesi, chenye meno ya kiasi, kilichozidi mguu kwa upana wa kidole kwa sababu mguu huvimba. Nilimshauri akizoee kwa wiki kadhaa kwenye matope ya hapa, na pesa itakayobaki iwe nauli.

Hakufurahi sana. Kiatu kile cha sokoni kilikuwa kizuri machoni. Lakini jana nilimwona asubuhi akirudi kutoka mazoezini, amelowa, viatu vyake vya zamani vikitoa maji kwa kila hatua. Nilimuuliza amepita wapi. Hakunijibu «kwenye tope». Alisema: «Kwanza mfinyanzi, yaya, halafu utelezi wa mawe kule mtoni.»

Mtu anayejibu hivyo, sasa naweza kumsindikiza sokoni.