Mpaka Usiojulikana Huzaa Ugomvi

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliitangaza Serengeti kuwa Hifadhi ya Taifa, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa nayo: huku watu waondoke, kule waishi pamoja na wanyama. Tangu hapo Waikoma, Wanata, Wangoreme na Wakurya wamekuwa majirani wa mbuga isiyo na ukuta. Thamani yake hatuibishi. Mwaka 1981 iliandikwa katika Urithi wa Dunia. Lakini ujirani una kanuni zake, na ya kwanza ni kila mtu ajue ua wake umeishia wapi.

Vigingi vya mpaka vilivyowekwa Tarime miaka ya karibuni vilileta manung'uniko makubwa. Twasema bila kuficha: kigingi kisichoshuhudiwa na wazee wa kijiji ni jiwe tu. Ramani ya ofisini haitoshi. Yapasa isomwe shambani, mchana, mbele ya wenye mashamba.

Tena kuna tembo. Mahindi ya mwaka mzima huisha kwa usiku mmoja. Kanuni za mwaka 2011 huita malipo ya mazao kifuta jasho, na malipo ya aliyejeruhiwa au kuuawa kifuta machozi. Haziyaiti fidia. Basi ikiwa ni kitambaa tu, kije machozi yangali mbichi, si baada ya kukauka.

Watasema wengine kwamba mwananchi akipewa madaraka juu ya hifadhi ataimaliza. Sisi hatukubali. Mlimani Kilimanjaro, mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu wa nusu maili ili wenyeji wapate kuni na mbao, na baraza la Wachaga likapewa kuusimamia. Hapa kwetu, vijiji vya Robanda, Nata na jirani zao vimeungana katika Jumuiya ya Ikona, vikapata haki ya kunufaika na wageni. Mtu hulinda kinachomlisha.

Wala wananchi wasidhani twawatetea katika kila jambo. Ategaye nyaya usiku apate nyama ya kuuza hali mali ya serikali. Ala mali ya mwanawe. Na afyekaye kando ya Mto Mara, ambao haukauki wakati wa kiangazi, aikausha birika ya nyumbu na ya ng'ombe wake mwenyewe.

Septemba 1961, katika Azimio la Arusha la wanyama pori, Mwalimu Nyerere aliahidi kwamba wanyama hawa watalindwa kwa ajili ya wajukuu wetu. Ahadi ile ilitolewa kwa jina la wananchi. Haiwezi kutimizwa dhidi yao. Mamlaka ya hifadhi na halmashauri za Tarime na Serengeti zikae na vijiji, zipime mpaka pamoja, zilipe kwa wakati. Askari mmoja hawezi kulinda usiku wote, lakini kijiji kinachoridhika hakilali.