Wapangaji wengi, nyumba moja: kila mtu na kufuli lake, kila mtu na saa yake

Leo nazungumzia programu za vituo vya simu, zile zinazowekwa kwenye seva moja kisha zikakodishwa kwa wateja wengi. Chukua mfano wa hoteli ya Watamu, duka la Malindi na zahanati ya Kilifi, wote watatu humo humo.

Ni kama nyumba zetu za vyumba hapa Pwani. Ukumbi ni mmoja na bomba ni moja, lakini kila mpangaji ana kufuli lake. Waandishi wengi wa programu hawatii kufuli, wanaandika tu mlangoni "usiingie".

Na mimi nilikuwa mmoja wao. Kila nilipoiuliza hifadhidata, nilikuwa naongeza sharti mwishoni: nipe simu za mteja huyu tu. Usiku mmoja nikaandika ripoti mpya, sharti nikalisahau. Asubuhi meneja wa hoteli akafungua ripoti yake, akakuta namba za watu waliopigia zahanati. Namba tupu bila jina, utasema si kitu. Lakini mji wetu ni mdogo, na namba ya jirani yako utaijua ukiiona.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: kufuli likae ndani ya hifadhidata, lisitegemee kumbukumbu ya mwandishi. PostgreSQL inaweza kulinda kila safu tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016. Ila angalia: mwenye jedwali hazuiliwi na ulinzi huo usipomlazimisha, basi programu isiingie kwa jina lake. Na sauti zilizorekodiwa nazo zitengwe, zisirundikwe kapu moja. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka ulinzi uanze kwenye usanifu, na habari za afya imezipa uzito wa pekee.

Sasa tuje kwenye saa. Saa nayo ni mali ya mpangaji, si ya seva. Ukihesabu "simu za leo" kwa saa ya UTC, simu zinazoingia zahanati kati ya saa sita na saa tisa usiku zitaandikwa jana, kwa kuwa sisi tuko mbele saa tatu. Hoteli nayo ina wageni wa Italia. Majira ya baridi tunawazidi saa mbili, majira ya joto saa moja, maana wao hugeuza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatugeuzi. Ukiandika "saa mbili" ndani ya programu, nusu ya mwaka unadanganya.

Usiseme Afrika haibadiliki. Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma Februari 2021, na Misri ikarejelea kugeuza saa mwaka 2023. Hifadhi wakati uliopita kwa UTC, na kwa kila mteja hifadhi jina la eneo, kama Africa/Nairobi, si tarakimu.

Halafu kuna letu wenyewe. Mama akisema "nipigie saa nane", mhudumu akaandika 8:00, atamwamsha asubuhi badala ya kumpigia mchana. Skrini imwonyeshe mhudumu maneno "saa nane mchana" kabla hajahifadhi. Programu nyingi za kununua hazina hili, nasi tunaona aibu kulidai.

Wengine watasema: mpe kila mteja seva yake yamalizike. Kwa zahanati nakubali, walau hifadhidata yake peke yake. Kwa duka dogo, gharama hiyo itamfukuza. Tukodishe vyumba, sawa, lakini tutie makufuli kabla wapangaji hawajahamia.

Haya, kwa leo naishia hapo. Wewe waonaje?