Tusiihukumu kadi kabla ya kuupima umeme

Imekuwa desturi katika shule nyingi kwamba umeme ukipotea na kurejea kwa kishindo, kisha tarakilishi ikaanza kuzimika ovyo au kiwambo kikajaa mistari, hukumu hutolewa papo hapo: kadi ya grafiki imeungua. Mashine hubebwa hadi stoo, mwanafunzi aliyekuwa akiitumia hutupiwa jicho la lawama, nayo shule huanza kusaka fedha za kadi mpya. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo aghalabu hutolewa bila ushahidi.

Umeme unaofika madarasani mwetu ni wa volti 240. Ndani ya tarakilishi mna kisanduku ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Kazi yake ni kuzishusha volti hizo hadi 12, 5 na 3.3. Hicho ndicho bawabu wa mashine, na umeme unapopanda ghafla, ndicho hupigwa kwanza. Yamkini kisife, bali kikabaki kikiyumba: kinatosha mashine ikiwa imetulia, lakini kinalegea pindi kadi inapohitaji nguvu zaidi za kuchora picha. Kiwambo huwa cheusi, na kadi isiyo na hatia husingiziwa. Wahenga walinena kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Tufanyeje basi? Katika maabara ninamofundisha, kanuni ni moja: tubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kila tokeo liandikwe daftarini. Tunaanza na lisilo na gharama. Umeme ukikatika diski ikiwa inaandika, programu inayoiendesha kadi huweza kuharibika, tunaiweka upya. Tatizo likidumu, tunachomoa plagi, tunaitoa kadi, na kukiunganisha kiwambo na ubao mkuu ikiwa una tundu lake la picha. Mashine ikiendelea kuzimika, kisa si kadi. Ikitulia, bado hatujampata mkosaji, kwa maana kuitoa kadi kumeipunguzia pawasaplai mzigo.

Hapo ndipo kadi hutiwa katika mashine nzima yenye pawasaplai inayoimudu, ikafanyizwa kazi nzito kwa saa moja. Ikishindwa huko pia, imejihukumu yenyewe. Isiposhindwa, tunaijaribu mashine gonjwa kwa pawasaplai nzima inayoifaa. Ninasisitiza: pawasaplai hubadilishwa ikiwa nzima, wala haifunguliwi. Kapasita zake huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya plagi kuchomolewa.

Wapo walimu wenzangu watakaosema kwamba wao si mafundi. Nawajibu kwamba hii si kazi ya fundi pekee. Ni mbinu ile ile tunayoifunza katika maabara ya fizikia. Mwanafunzi anayejifunza kutomlaumu yeyote kabla ya jaribio amepata elimu ya kumfaa maishani. Isitoshe, mtahiniwa wa Masomo ya Kompyuta katika KCSE hufanya karatasi ya vitendo. Kila mashine inayolala stoo bila kupimwa inampunguzia saa za kujizoeza.

Kukatika kwa umeme nako hakutatuacha. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na nchi nzima ikaingia gizani. Tarehe 25 Agosti 2023, giza likatanda tena karibu kote nchini. Hatuna uwezo wa kuzuia hayo, lakini plagi zi mikononi mwetu. Taa zikizimika, tuzichomoe mara moja, na umeme ukirejea tungoje dakika kadhaa kabla ya kuzirudisha. Tununue vikinga umeme vya kweli, kwa sababu waya wa kurefusha wenye soketi nyingi si kinga. Aidha, tuhakikishe kwamba waya wa kupeleka umeme ardhini umefungwa ipasavyo, kwani bila huo hata kikinga bora hakifanyi kazi yake sawasawa.

Nawaomba wakuu wa shule wasiidhinishe ununuzi wa kadi yoyote mpya kabla ya kuliona daftari la majaribio. Kadi mpya ikitiwa katika mashine yenye pawasaplai mbovu, fedha za wazazi zitakuwa zimetupwa, nayo mashine itarudi stoo vile vile.