Lina Herufi Kumi na Mbili, Hutamkwa Chamli

Majuzi mpwa wangu aliye kidato cha tatu alikuwa akinisomea kitabu cha historia. Alipofika kwa Hugh Cholmondeley, yule mlowezi tumjuaye zaidi kama Lord Delamere, akakwama. Akajaribu "Kolmondelei". Dadake akacheka hadi akashika mbavu, kisha naye akasema "Cholmondeli". Wote walikosea. Jina hilo, lenye herufi 12, hutamkwa Chamli. Basi!

Usimcheke mtoto, mpenzi msomaji. Hata Mwingereza asiyelijua hujikwaa papo hapo.

Asili yake ni kijiji cha Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Zamani za Waanglo-Saksoni palikuwa na mtu aitwaye Ceolmund, yaani mlinzi wa merikebu, na mahali palipofyekwa msituni waliita leah. Kiunga cha Ceolmund, kwa ufupi. Katika kitabu cha Domesday cha 1086, ambamo mfalme William aliandikisha mashamba ili ajue kodi yake, pameandikwa Calmundelei. Baadaye familia iliyomiliki shamba hilo ikajiita "wa Cholmondeley", kama ilivyokuwa desturi ya wenye mashamba.

Sasa, Mwingereza hukazia silabi moja na kuzimeza zilizobaki. Ndivyo Leicester ilivyokuwa Lesta, na jina Featherstonehaugh, ajabu ya Musa, likawa Fansho. Ulimi ulimsaga Ceolmund karne kwa karne, lakini kalamu haikufuata, kwani jina lilikwisha kuingia katika hati za ardhi na vyeo. Wako walioamua kuandika wanavyosikia: Chumley. Mimi nawaona hao ndio wenye akili. Sisi wa Kiswahili tungefanya hivyo siku ya kwanza.

Delamere je? Mwaka wa 1821 Thomas Cholmondeley alipewa cheo cha Baron Delamere, kutokana na msitu wa huko huko Cheshire. Maana yake ni msitu wa maziwa. Maziwa ya maji, si ya kunywa, ingawa kwetu jina hilo limezoeana na ng'ombe. Hugh alikuwa wa tatu kuwa na cheo hicho. Alijipatia ardhi kubwa Njoro na Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, akafariki 1931. Kule Cheshire ardhi ndiyo iliyowapa watu jina. Huku jina lilikuja na mwenyewe, likabandikwa hata katikati ya Nairobi: Delamere Avenue, ambayo baada ya uhuru wa 1963 ikawa Kenyatta Avenue.

"Sasa mjomba," mpwa wangu akauliza, "nikiandika Chamli katika mtihani nitapewa alama?"

Nikamwambia aandike Delamere.